Mbao za ndege za mfano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na vijana wanaonitembelea karakanani hapa Tanga, wengi wakiwa na ramani waliyoichapisha na kipande cha ubao walichopewa na seremala wa mtaani. Ndege ninazozizungumzia ni zile zenye mabawa ya mita 1 hivi, za mota ya umeme au za mpira wa kusokota. Kama una haraka, soma jibu la mizani tu, mengine utayarudia ukishaharibu ubao wa kwanza.

Kwa nini kila ramani inadai balsa? Mninga si mgumu zaidi?

Mninga ni mgumu zaidi, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba ndege hailipii ugumu, inalipia gramu. Balsa ya kawaida ina uzito wa kilo 160 hivi kwa mita ya ujazo, na mninga uko karibu na kilo 600. Kwa hiyo ukitaka ubao wa mninga wenye uzito sawa na balsa ya milimita 3, lazima uuchonge hadi ubaki chini ya milimita 1. Ushike hivyo mkononi uone: unayumba kama ukanda wa filamu. Ubao ukiongezewa unene mara mbili, kuupinda kunakuwa kugumu mara nane, na hapo ndipo balsa inapowashinda wakubwa. Kwa gramu zilezile inakupa unene, na unene ndio unaoleta ukakamavu.

Wanaosema balsa ni mti wa michezo ya watoto huwa nawatajia ndege ya kivita ya Uingereza, de Havilland Mosquito, yaani Mbu. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, ikiwa na injini mbili za Merlin, na kiwiliwili chake kilikuwa balsa iliyobanwa katikati ya plaiwudi nyembamba za betula, mti wa nchi za baridi. Zilitengenezwa zaidi ya 7,000. Plaiwudi ilibeba nguvu, balsa ikaziweka mbali mbali zisikunjamane. Ukifunika bawa lako kwa karatasi ngumu juu ya balsa laini, umefanya jambo lilelile.

Balsa ni mti gani hasa?

Ni *Ochroma pyramidale*, mti wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Nyingi ya biashara inatoka Ecuador, na Papua New Guinea nayo inailima. Jina ni la Kihispania na maana yake ni chelezo, kwa sababu watu wa pwani ile walifunga magogo yake wakasafiria baharini. Uko ukoo mmoja na msufi na mbuyu, na tunda lake likipasuka linatoa nyuzi laini kama sufi tunayojazia mito. Unakua upesi mno: baada ya miaka 6 hadi 10 unakatwa. Ukichelewa, unazidi kuwa mzito, na moyo wake unaanza kuoza.

Vitabu vinasema balsa ni "mbao ngumu". Wamekosea?

Hawajakosea. Ni mgawanyo wa wataalamu wa mimea: mti wenye majani mapana huwekwa kundi la mbao ngumu, wenye majani ya sindano kundi la mbao laini. Hausemi lolote kuhusu ubao wenyewe. Endelea na kazi.

Dukani kuna bao kumi za saizi moja. Nichukue ipi?

Hili ndilo swali. Jina "balsa" halikuambii kitu, kwa sababu mti huu mmoja unatoa ubao wa kilo 60 kwa mita ya ujazo na ubao wa zaidi ya 250. Ni kama kwenda sokoni kununua "samaki".

Mwaka mmoja niliagiza bao kumi kutoka duka moja la nje, zote sentimita 10 kwa 91.5, unene milimita 1.5, zote na kibandiko kilekile cha "wastani". Nikazipima moja moja. Ya kwanza gramu 14. Ya nne gramu 22. Ya tisa gramu 31! Nililipa bei moja kwa vitu vitatu tofauti. Niliandika uzito wa kila ubao kwa penseli pembeni, na tangu siku hiyo hakuna ubao unaoingia kwenye rafu yangu bila namba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Zidisha urefu, upana na unene, vyote kwa sentimita, upate ujazo. Ubao ule ni 91.5 × 10 × 0.15, yaani sentimita za ujazo 137. Gawanya gramu kwa 137. Gramu 14 zinakupa 0.102, ambayo ni kilo 102 kwa mita ya ujazo. Gramu 22 ni kilo 160, gramu 31 ni kilo 226. Mizani ya jikoni inatosha kwa bao nzima. Kwa vipande vidogo tafuta ile ndogo ya masonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Baada ya mizani, tumia macho na vidole. Inua ubao usawa wa jicho, uangalie kama umepinda au umejisokota. Uliojisokota, rudisha, hautanyooka kwa gundi wala kwa dua. Bonyeza kwa ukucha sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Kama upande mmoja unabonyea na mwingine hautaki, ubao huo una uzito wa aina mbili ndani yake na bawa litakuwa hivyohivyo. Mwisho chukua kipande cha pembeni ukivunje. Balsa nzuri inavunjika kwa kuacha vijinyuzi virefu. Ikikatika kwa mkato mfupi, safi, kama biskuti, usiipe kazi yoyote ya kubeba.

Nimeshapima. Sasa uzito gani uende wapi?

Mimi nagawa hivi. Chini ya kilo 95 ni ya sehemu zisizobeba kitu: ncha za mabawa, vijazio, pua ya kuchonga. Kati ya 95 na 130 ni mbavu za bawa (vibao vinavyolipa bawa umbo lake), mkia, na ngozi ya kufunikia bawa. Kati ya 130 na 190 ni pande za kiwiliwili na ukingo wa mbele wa bawa, ule unaopokea majani na mawe ndege ikitua vibaya. Juu ya 190 ni mihimili ya bawa, yaani vijiti vinavyolibeba kwa urefu wake wote, na vijiti virefu vya kiwiliwili.

Kosa la wanaoanza ni kununua nyepesi kwa kila kitu kwa kuwa wamesikia wepesi ndiyo siri. Mhimili wa balsa ya kilo 90 utakatika kwenye kona ya kwanza kali. Kosa la pili ni kinyume chake, na hilo ndilo langu: ndege yangu ya kwanza nilimpa seremala anikatie mbavu za plaiwudi ya dari. Ilikimbia uwanja mzima kama kuku anayefukuzwa, mkia juu, na haikuacha ardhi.

Jambo moja zaidi. Bawa la kushoto na la kulia vikatwe kutoka bao zenye uzito unaokaribiana. Mimi hupanga mihimili minne kwenye meza, naishika kila mmoja kwa ncha na kuuacha uning'inie, kisha naoanisha inayolegea sawa. Iliyo migumu inakwenda juu ya bawa, kwa sababu ndege ikiruka mhimili wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, na mti mwembamba huchoka kwa kubanwa kabla ya kuvutwa.

Mkato A, B na C ni nini?

Ni jinsi msumeno ulivyopita kwenye gogo. Ubao uliopasuliwa sambamba na pete za mti ni mkato A. Uliopasuliwa kutoka katikati kwenda nje, ukikata pete kwa pembe mraba, ni mkato C. B ni wa katikati.

Mkato C unautambua bila kuuliza. Uelekeze kwenye mwanga wa dirisha, ugeuze taratibu: utaona vidoa vinavyong'aa, vimepangana kama magamba ya samaki. Hiyo ni miali ya mti, ile mishipa inayotoka katikati ya gogo kwenda nje, iliyokatwa kwa urefu. Ubao wa namna hii hautaki kujikunja kwa upana, kwa hiyo ni bora kwa mbavu na kwa mikia ya ubao bapa. Ukijaribu kuuzungusha uwe bomba unapasuka papo hapo. Kazi ya bomba, au ya kuvika mgongo wa mviringo, mpe mkato A, ambao una mistari mirefu iliyonyooka na hauna magamba. Ukiwa na B unaweza kufanya karibu lolote bila kufurahia sana.

Mauzo mengi yanachanganya mikato yote kwenye furushi moja. Chambua mwenyewe.

Nyuzi zielekee wapi?

Fuata urefu wa kipande. Ubavu wa bawa (mafundi wa majahazi wangeuita taruma) nyuzi ziende kutoka mbele kwenda nyuma. Mkia wa kulala, nyuzi zifuate urefu wa mabawa. Kipande pekee kinachowakanganya watu ni kile kiukuta kinachosimama katikati ya mhimili wa juu na wa chini. Hapo nyuzi zisimame wima. Kikilazwa, kinapasuka kwenye mstari wa nyuzi, mihimili inasogeleana, na bawa linajikunja angani.

Kwa nini mnasisitiza mkia uwe mwepesi?

Kwa sababu mkia unatoza riba. Tuseme mkia uko sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito na pua iko sentimita 20 mbele yake. Gramu 10 za ziada mkiani zinahitaji gramu 30 puani ili ndege isawazike. Umeshabeba gramu 40 kwa uvivu wa kutopima ubao mmoja.

Plaiwudi ina nafasi?

Ina nafasi ndogo na ya lazima: pale panapofungwa mota, miguu, na skrubu za bawa. Plaiwudi ya betula ya milimita 1.5 au 3 ndiyo ya kutafuta. Ni nzito, inakaribia kilo 700 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ipewe vipande vya ukubwa wa kiberiti, na itobolewe pasipo na kazi. Kuna plaiwudi nyepesi ya popla, karibu kilo 450, inayofaa fremu za kiwiliwili. Plaiwudi ya dari ya madukani kwetu mara nyingi ina mapengo ndani. Gonga kwa kucha, ukisikia sauti ya ngoma iache.

Na sprusi, tilia, obeche, paulonia?

Sprusi ya Sitka ni mti wa ndege tangu ndege zilipoanza. Ndugu Wright, Wamarekani, walitumia sprusi na mti unaoitwa "ash" kwa Kiingereza kwenye ndege yao ya 1903. Ina kilo 400 na kidogo, nyuzi zake zimenyooka, na kijiti cha milimita 3 kwa 6 kinafanya mhimili ambao balsa ya unene huo haiwezi. Tilia ina uzito wa karibu hivyo, laini kwa kisu, nzuri kwa kuchonga rafadha. Obeche ni wa Afrika Magharibi. Watu huukata uwe ngozi nyembamba ya kuvika mabawa ya povu la plastiki. Paulonia iko kati ya balsa na sprusi, chini kidogo ya kilo 300, na siku hizi imepandwa Afrika Mashariki pia. Ukipata mkulima aliyepunguza matawi, omba kipande kikavu.

Sina balsa na sina hela ya kuagiza. Hapa kwetu nitumie nini?

Swali zuri kuliko yote, na sitakudanganya: hakuna mti mmoja wa kuchukua nafasi yake. Kuna vitu vinne vya kugawana kazi.

Kwanza mwanzi. Vijiti vya mishikaki ni mwanzi, vinauzwa kila kona, na hakuna kitu chepesi kinachozidi ukakamavu wake kwa bei ile. Pasua kijiti kwa wembe katikati, kikwangue hadi kiwe sawa pande zote, upate mihimili ya ndege ya mpira na kingo za mkia. Ganda la nje ndilo lenye nguvu, kwa hiyo kwangua upande wa ndani. Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ya mpira wa kusokota bustani ya Tuileries, Paris, mwaka 1871, na hakuwa na duka la modeli.

Pili mlingoti wa mkonge. Huku kwetu unaonekana kila shamba: mmea ukishatoa mlingoti wake mrefu wa maua, unakufa, na mlingoti unabaki umesimama mkavu. Watu huezekea na kujengea uzio. Ukiukata, nje kuna gamba gumu na ndani kuna nyama laini yenye nyuzi, inayokatika kwa kisu cha wembe. Nyama hiyo mimi natumia kwa pua, ncha za mabawa na vijazio. Haifai mhimili, kwani nyuzi zake hazishikani vya kutosha. Chagua uliokaukia shambani, kisha uuache darini mwezi mzima kabla ya kupasua. Mbichi unanywea na kupasuka.

Tatu msufi. Ni mwepesi kuliko mbao nyingine za kwetu, ingawa bado karibu mara mbili ya balsa ya kawaida, na fukusi wanaupenda. Upasue mwembamba kuliko ramani inavyotaka: palipoandikwa milimita 3 ya balsa, weka 2.

Nne mabua ya mtama. Usicheke. Sote tulitengeneza magari kwa mabua, na moyo wake ni mwepesi ajabu. Kwa ndege ndogo ya mpira yenye bawa la sentimita 40, mbavu za bua lililopasuliwa na kukaushwa vizuri zinaruka. Nimeziona zikiruka, na nimeona mbuzi akizila.

Mninga, mvule, mkangazi viache kwa milango. Mpingo unazama majini, hauna haja ya kufika uwanjani. Paini ya mbao za ujenzi inaweza kutoa vijiti vizuri vya mhimili ukipata ubao usio na vifundo, uupasue kufuata nyuzi badala ya kufuata rula.

Gundi ipi kwa balsa?

Gundi nyeupe ya mbao kwa maungo mengi, iliyopakwa nyembamba na kufutwa inayotoka. Ukiona imevimba pembeni umepaka nyingi, na huo ni uzito. Supaglu ni ya haraka lakini inakauka ngumu kuliko mti, hivyo msasa unakula balsa na kuacha mstari wa gundi umesimama kama mshipa. Tena usiifute kwa kitambaa cha pamba: zikikutana hutoa joto kali, hata moshi. Ukuta unaofungiwa mota unataka epoksi, gundi ya kuchanganya vitu viwili.

Niko pwani. Unyevu unaharibu bao zangu?

Ndiyo. Balsa hunywa unyevu wa hewa, inaongezeka uzito, na inapinda upande mmoja ukilowa kuliko mwingine. Masika pima ubao asubuhi na upime tena baada ya siku tatu ndani ya mfuko, utaona tofauti. Weka bao zimelala bapa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya rafu mbali na ukuta na mchwa. Usiziegemeze kusimama. Hata Mosquito zilipopelekwa India kwenye vita baadhi zilipata ajali, na wachunguzi wakakuta kasoro kwenye maungo ya gundi. Ukimaliza ndege ipake vanishi nyembamba au ifunike kabla ya msimu wa mvua.

Nataka kukunja ubao uzunguke kiwiliwili. Unakatika kila mara.

Angalia kwanza kama una mkato C. Kama ni A, lowanisha upande wa nje kwa maji ya moto, ngoja dakika chache, uzungushe kwenye chupa ya kipenyo kidogo kuliko unachotaka, ufunge kwa kitambaa na uache ukauke usiku kucha. Ukifungua utarudi nyuma kidogo, ndiyo maana chupa iwe ndogo.

Mbona bei imepanda miaka hii?

Lawama nyingi ziende kwa upepo. Mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo yana balsa ndani, katikati ya ngozi za nyuzi za kioo, ileile kanuni ya Mosquito. Kuelekea 2020 mahitaji yakaruka, hasa ya China, wakataji wakaingia misituni Ecuador, bao zikaadimika. Watengenezaji sasa wanachanganya na povu la plastiki.

Ndege nyepesi kabisa ya balsa ina uzito gani?

Zile za kurushwa ndani ya kumbi, daraja la mashindano liitwalo F1D, mwili mzima bila mpira ni gramu 1.4 hivi, na zinaelea nusu saa. Vijiti vyake vinachaguliwa kimoja kimoja kwa mizani. Usianzie huko.

Nimebakiwa na vipande vidogo. Nitupe?

Vyenye urefu wa kidole au zaidi weka. Mimi nina makopo matatu ya maziwa ya unga, moja limeandikwa "laini", la pili "kati", la tatu "ngumu", na kipande kinaingia kopo baada ya ukucha kukibonyeza. Vumbi la msasa nalo lihifadhi kwenye kichupa: ukilichanganya na gundi nyeupe linaziba tundu la ukucha huohuo. Ila vaa barakoa unapopiga msasa, vumbi lake ni jepesi mno, linakaa hewani hata baada ya wewe kwenda kula.